Jina Bila Swali: Godzilla ya Mwaka 1998 na Historia ya Kukatishwa Tamaa kwa Hadhira ya Filamu Zilizoanzishwa Upya

Utangulizi

Mapema mwaka 1999, tuzo za Golden Raspberry, ambazo hutolewa nchini Marekani kwa kejeli ili kutaja kazi mbovu za sinema za mwaka uliotangulia, hazikumpata mshindi mmoja katika kipengele cha filamu mbovu zaidi iliyorudia au kuendeleza kazi nyingine. Filamu tatu zilifungana. Ya kwanza ilikuwa The Avengers, iliyotokana na mfululizo wa televisheni ya Uingereza wa miaka ya 1960. Ya pili ilikuwa Psycho ya Gus Van Sant, iliyoinakili filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960 karibu picha kwa picha. Ya tatu ilikuwa Godzilla ya Roland Emmerich, iliyochukua jina la dubwana mashuhuri la Kijapani na kubadili karibu kila kitu kingine.

Tuzo za kejeli si kipimo cha kitaaluma, na makala hii haizichukulii hivyo. Hata hivyo, sare hiyo inamwekea mwanahistoria wa sinema tatizo ambalo halifai kupuuzwa. Filamu ya aina hii inapowaudhi watazamaji na wahakiki, kwa kawaida hutolewa moja kati ya sababu mbili: ama watengenezaji hawakuiheshimu kazi ya awali, ama hawakuthubutu kuleta jambo jipya. Psycho ya mwaka 1998 haikupungukiwa na heshima kwa kazi ya awali. Iliiheshimu hadi ikawa kivuli chake. Godzilla haikupungukiwa na ujasiri wa kubadili. Zote mbili zilihukumiwa katika mwaka mmoja, katika kipengele kimoja. Ikiwa uaminifu na ukiukaji wake vinaweza kufikia mwisho uleule, basi sababu ya kukatishwa tamaa inapaswa kutafutwa mahali pengine.

Hoja ya makala hii ni kwamba filamu inayodumu hubeba swali lililoulizwa na wakati wake, na kwamba swali hilo hukaa ndani ya kanuni za hadithi, yaani yale ambayo mhusika anaweza na hawezi kufanya, na gharama ambayo wengine hulipa kwa ajili yake. Filamu mpya huwakatisha tamaa watazamaji inapolichukua jina na kuliacha swali, au inapoliuliza tena swali ambalo jibu lake kila mtu analijua. Uchunguzi umejikita katika Godzilla, kwa sababu historia ya dubwana hili inatuwezesha kuifuata hoja hiyo kwa takribani miaka 70, katika nchi mbili zilizowahi kupigana vita.

Istilahi zinahitaji kuwekwa sawa. Katika makala hii, filamu mwendelezo ni ile inayokubali kwamba matukio ya filamu iliyotangulia yalitokea, na kuendelea pale yalipoishia. Filamu iliyorudiwa husimulia upya hadithi ileile. Psycho ya Van Sant ni ya kundi hili, na hapa inatumika kama kipimo cha pembeni tu. Filamu iliyoanzishwa upya humchukua mhusika anayefahamika, hufuta historia yake yote au sehemu yake kubwa, na kuanza kuhesabu tena kwa matumaini ya kuzaa mfululizo mpya. Dhana hii ya mwisho imeazimwa kutoka katika lugha ya kompyuta, na kuna jambo ambalo wanaoitumia katika biashara ya sinema hulisahau. Kompyuta inapozimwa na kuwashwa tena, hupoteza kilichokuwa kikifanyiwa kazi wakati huo, si kile kilichohifadhiwa. Hadhira nayo ni vivyo hivyo. Studio inaweza kutangaza kwamba yaliyotangulia hayahesabiki. Haina uwezo wa kumwamuru mtazamaji asahau.

Bikini, Yaizu na Tokyo, 1954

Tarehe 1 Machi 1954, Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha matumbawe cha Bikini, katika Visiwa vya Marshall. Jaribio hilo, lililopewa jina la Castle Bravo, lilikuwa na nguvu ya megatani 15, takribani mara 1,000 ya bomu la Hiroshima na zaidi ya mara mbili ya makadirio ya wanasayansi walioliunda. Majivu yenye mionzi yaliwaangukia wakazi wa Rongelap, ambao waliondolewa siku mbili baadaye. Yaliiangukia pia meli ya uvuvi ya Kijapani iitwayo Daigo Fukuryu Maru, iliyokuwa nje ya eneo la hatari lililotangazwa. Wavuvi wake 23 walirudi katika bandari ya Yaizu wakiwa na ngozi zilizoungua, na hofu ya samaki aina ya jodari waliopata mionzi ikaenea katika masoko ya nchi nzima. Tarehe 23 Septemba mwendeshaji wa redio wa meli hiyo, Aikichi Kuboyama, alifariki dunia. Filamu ya Godzilla, iliyoongozwa na Ishiro Honda kwa kampuni ya Toho, ilitolewa Japani tarehe 3 Novemba mwaka huohuo, siku 41 baada ya kifo hicho.

Tarehe hizi zimetajwa kwa ukaribu wake makusudi. Filamu inaanza kwa mabaharia wanaopumzika juu ya sitaha ya meli, kisha mwanga mkali unatoka baharini na meli inaungua. Hakuna Mjapani wa mwaka 1954 aliyehitaji kuelezwa mwanga huo ulimaanisha nini. Baadaye kidogo, abiria ndani ya treni wanazungumza juu ya jodari wenye mionzi na mvua yenye sumu, na mwanamke mmoja miongoni mwao analalamika kwamba alinusurika Nagasaki na sasa limekuja hili. Katika shambulio la Tokyo, mama aliyewakumbatia watoto wake katikati ya moto anawaambia kwamba karibu watamfuata baba yao. Asubuhi yake, hospitalini, kipima mionzi kinasogezwa kwa mtoto na kuanza kulia. Honda mwenyewe, aliporudi kutoka vitani China mwaka 1946, alipita Hiroshima na kuona kilichobaki. Hadi Aprili 1952 Japani ilikuwa chini ya majeshi ya nchi washindi, ambayo katika miaka ya mwanzo yalidhibiti vikali yaliyoandikwa na kuoneshwa kuhusu mabomu yale mawili. Kwa hiyo hadhira iliyonunua takribani tiketi milioni 9.6 haikwenda kutazama dubwana tu. Ilikwenda mahali ambapo jambo lisilozungumzwa kwa uwazi lilikuwa limepewa mwili, mkia na mngurumo.

Hata hivyo, kinachofanya filamu hiyo kuwa zaidi ya maombolezo ni namna inavyomaliza. Mizinga, vifaru, ndege za kivita na nyaya za umeme wa nguvu kubwa havimwezi Godzilla. Mwanasayansi kijana, Dkt. Serizawa, amegundua kwa bahati silaha inayoharibu oksijeni majini na kuua kila kiumbe kilichomo, na anaificha kwa sababu anajua kwamba serikali zikiipata zitaitumia kama zilivyolitumia bomu. Hatimaye anakubali itumike mara moja tu. Anazichoma karatasi za utafiti wake, anashuka baharini na kuifyatua, kisha anakata kamba yake ya hewa ili afe pamoja na siri iliyomo kichwani mwake. Swali la filamu limekaa hapo: je, inawezekana kulishinda jambo la kutisha bila kutengeneza jambo la kutisha zaidi, na anayelitengeneza anaweza kubaki hai? Profesa Yamane, mzee wa mambo ya kale, haoni ushindi wowote. Anahofu kwamba majaribio ya mabomu yakiendelea atatokea mwingine. Kufikia Agosti 1955, zaidi ya watu milioni 30 nchini Japani walikuwa wametia saini madai ya kupiga marufuku silaha za nyuklia.

Swali hili lilizaa kanuni moja ya hadithi ambayo ndiyo itakayotuongoza katika sehemu zinazofuata: Godzilla hauawi kwa silaha za kawaida. Kanuni hiyo inaonekana ya kitoto, kama kanuni ya mchezo. Kwa kweli ni njia ambayo mwaka 1954 ulihifadhiwa ndani ya mwili wa dubwana.

Safari ya kuvuka bahari

Marekani haikuipokea filamu ya Honda kama ilivyokuwa. Mwaka 1956 ilitolewa huko kwa jina Godzilla, King of the Monsters!, ikiwa imepunguzwa kutoka dakika 96 hadi takribani 80, na kuongezewa matukio mapya ambamo mwigizaji Raymond Burr anacheza mwandishi wa habari wa Kimarekani anayeshuhudia maafa ya Tokyo. Mazungumzo ya treni kuhusu Nagasaki hayapo. Onyo la mwisho la Profesa Yamane halipo pia. Mahali pake pana maneno ya faraja kwamba dunia inaweza kuamka na kuishi tena. Toleo hilo ndilo lililoijulisha Marekani na sehemu kubwa ya dunia dubwana hili. Filamu ya Honda yenyewe haikupata usambazaji kamili katika kumbi za sinema za Marekani hadi mwaka 2004.

Si haki kuilaumu Marekani peke yake kwa kuliacha swali la mwaka 1954. Toho yenyewe ilifanya hivyo kwa bidii. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Godzilla alipigana na King Kong, akawa mlinzi wa Japani, akacheza dansi, akawa kipenzi cha watoto. Mwaka 1975 mfululizo huo ulisimama. Toho ilipoanza upya mwaka 1984, ilifuta filamu zote isipokuwa ile ya kwanza, na ikalirudisha swali katika mazingira ya Vita Baridi: Marekani na Umoja wa Kisovieti zote zinaomba ruhusa ya kumpiga Godzilla kwa silaha za nyuklia katika ardhi ya Japani, na waziri mkuu anazikatalia zote mbili. Uamuzi huo ulizaa filamu nyingine sita hadi mwaka 1995. Toleo la Marekani, lililotolewa mwaka 1985 na kumrudisha Raymond Burr, lilibadili tukio moja kwa namna inayostahili kuoneshwa kwa kila mwanafunzi wa historia. Katika filamu ya Kijapani, ofisa wa Kisovieti aliyejeruhiwa anajikokota ili kuzuia kombora lisirushwe. Katika toleo la Kimarekani anajikokota ili kulirusha.

New York, 1998

Studio ya TriStar ilipata haki za kumtumia Godzilla mwaka 1992 ikiwa na mpango wa filamu tatu. Mwongozaji wa kwanza, Jan de Bont, aliondoka baada ya kutofautiana na studio juu ya bajeti, na mwaka 1996 kazi ikakabidhiwa kwa Emmerich na mtayarishaji Dean Devlin, watengenezaji wa Independence Day. Emmerich hakuficha kwamba hakuwa mpenzi wa filamu za Toho. Jambo hilo hutajwa mara nyingi kama sababu ya kushindwa kwake. Mwandishi wa makala hii haoni hivyo. Kutokuwa mpenzi kunaweza kumpa mtu macho mapya, na mpenzi aliyebobea ndiye anayenakili.

Tena, hadithi aliyoichagua haikukosa historia. Ufaransa ilifanya majaribio 193 ya nyuklia katika Polinesia kati ya mwaka 1966 na 1996, na mfululizo wa mwisho, ulioanza Septemba 1995, uliamsha ghasia mjini Papeete na hasira katika Pasifiki nzima. Filamu iliyotolewa Mei 1998 ikieleza kwamba dubwana limezaliwa na majaribio hayo ilikuwa imeshika jambo ambalo majivu yake hayajapoa. Picha za ufunguzi, zinazochanganya milipuko ya kweli na mijusi wakubwa wa visiwani, ni nzuri. Hata tukio la mvuvi mzee gatini, ambaye ndoano yake inavutwa na kitu kisichopimika na gati lote likapasuka nyuma yake, lina ustadi ambao wahakiki wa wakati ule hawakuutendea haki.

Tatizo linaanza na mtu mwingine mzee. Baharia wa Kijapani aliyenusurika katika meli iliyoshambuliwa amelazwa, na majasusi wa Kifaransa wanamwuliza ameona nini. Anajibu kwa neno moja, Gojira. Baadaye mtangazaji wa televisheni wa New York analitamka vibaya, na hivyo ndivyo jina tunalolijua linavyozaliwa ndani ya filamu. Mjapani huyo haonekani tena kuwa na la kufanya. Taifa ambalo raia wake waliungua kwa majivu ya Bikini limeletwa ili litoe jina, kisha likaondolewa. Marekani, ambayo yenyewe ilifanya majaribio 67 katika Visiwa vya Marshall kati ya mwaka 1946 na 1958, inaingia katika hadithi hii kama mji usio na hatia unaovamiwa na matokeo ya makosa ya wengine.

Hilo pekee lisingetosha kuiangusha filamu. Watazamaji wa likizo ya Mei hawakuingia ukumbini na orodha ya majaribio ya nyuklia. Kilichoiangusha ni mwisho wake. Godzilla wa Emmerich huwakimbia wanajeshi. Hujificha chini ya ardhi na kutaga mayai katika Madison Square Garden. Hatimaye hunaswa katika nyaya za daraja la Brooklyn, ndege za kivita zinamrushia makombora, naye anafumba macho na kufa. Hakuna silaha ya siri, hakuna anayechoma karatasi zake, hakuna anayelipa. Kilichohitajika kilikuwa shabaha nzuri. Swali la Serizawa limejibiwa kwa risiti ya ghala la silaha.

Filamu hiyo iligharimu takribani dola milioni 130 na kuingiza takribani dola milioni 379 duniani kote, kiasi ambacho si hasara. Lakini mapato yake nchini Marekani yaliporomoka kwa zaidi ya nusu katika wiki ya pili, filamu mbili zilizopangwa kuifuata hazikutengenezwa, na wahakiki waliikataa karibu kwa sauti moja, akiwemo Roger Ebert, ambaye filamu ilikuwa imemdhihaki kwa kumpa meya wa mji jina lake. Inaripotiwa kwamba Kenpachiro Satsuma, aliyevaa vazi la Godzilla kuanzia mwaka 1984 hadi 1995, alitoka ukumbini mjini Tokyo kabla filamu haijaisha, akieleza kwamba dubwana lile halikuwa na roho ya Godzilla.

Walijuaje?

Hapa hoja yetu inakutana na pingamizi zito. Satsuma aliijua filamu ya mwaka 1954. Mtazamaji wa kawaida wa Kimarekani wa mwaka 1998 hakuijua. Kama tulivyoona, ilikuwa bado haijaoneshwa kikamilifu nchini mwake. Alichokijua ni toleo la Burr na filamu za mieleka ya madubwana zilizorushwa na televisheni siku za mapumziko. Mtu asiyewahi kuulizwa swali anawezaje kuhuzunika kwamba halikuulizwa?

Jibu la haraka ni kwamba alihuzunishwa na umbo, kwani Patrick Tatopoulos alimsanifu Godzilla mpya kama mjusi mwembamba mwenye mbio, asiyefanana na yule mnene aliyesimama wima. Wengi walisema hivyo wakati ule, na bado wanasema. Ushahidi mmoja, ambao hautajwi vya kutosha, unalikanusha jibu hilo. Kuanzia Septemba 1998 hadi mwaka 2000, televisheni ya Marekani ilirusha mfululizo wa katuni uitwao Godzilla: The Series, uliomfuata kinda aliyetoka katika yai lililosalia mwishoni mwa filamu ya Emmerich. Umbo ni lilelile. Lakini kinda huyu ana pumzi ya mionzi, hakimbii, na silaha za kawaida hazimwangushi. Mfululizo huo ulipendwa na watu walewale walioichukia filamu. Umbo lilisamehewa mara tu kanuni iliporudishwa.

Kwa maoni ya mwandishi, hii ndiyo njia ambayo historia husafiri ndani ya sanaa pendwa bila kusomwa. Toleo la mwaka 1956 liliondoa Nagasaki, likaondoa onyo, lakini halikuweza kuondoa kutoshindika kwa dubwana, kwa sababu bila hiyo hakuna hadithi. Watoto waliotazama televisheni katika miaka ya 1970 walipokea kanuni bila sababu yake. Walijua kwamba kuna kitu ambacho jeshi lao, pamoja na nguvu zake zote, haliwezi kukimaliza. Katika nchi iliyozoea kumaliza mambo kwa jeshi, kujua hivyo si jambo dogo. Mwaka 1998 walipoona makombora yakitosha, walilalamika kwamba yule hakuwa Godzilla. Lalamiko hilo limechukuliwa na baadhi ya wachambuzi kuwa ni utoto wa mashabiki. Lilikuwa ni kauli sahihi ya kihistoria iliyotolewa na watu wasiokuwa na nyaraka.

Psycho inathibitisha hoja hii kutoka upande wa pili. Mwaka 1960 Hitchcock alitaka watu wasiruhusiwe kuingia ukumbini baada ya filamu kuanza, kwa kuwa mwigizaji maarufu kuliko wote, Janet Leigh, anauawa kabla hadithi haijafika katikati. Swali lilikuwa kama filamu inaweza kuvunja ahadi yake kwa mtazamaji na bado ikamshika. Mwaka 1998 kila mtu alijua nani anakufa, wapi, na muziki gani unapigwa. Van Sant alihifadhi kila picha iliyouliza swali hilo, lakini swali lenyewe lilikwisha jibiwa miaka 38 kabla.

Mfano unaoisumbua hoja

Makala ingekuwa na udanganyifu kama ingeishia hapo. Mwaka 2014 Marekani ilijaribu tena, kwa filamu iliyoongozwa na Gareth Edwards. Filamu hiyo ilipokelewa kwa wema zaidi, ikaingiza zaidi ya dola milioni 500, na ikazaa mfululizo. Na bado, kwa mwanahistoria, kosa lake ni kubwa kuliko la Emmerich. Inaeleza kwamba Castle Bravo halikuwa jaribio la silaha, bali juhudi za siri za kumwua Godzilla. Kwa maneno mengine, bomu lililowaunguza wavuvi 23 na wakazi wa Rongelap linageuzwa kuwa tendo la kuilinda dunia. Emmerich aliwatwisha Wafaransa mzigo ambao kwa kiasi fulani ulikuwa wao kweli. Edwards aliufuta mzigo wa Marekani na kuandika shukrani mahali pake.

Kwa nini basi hadhira haikuchukizwa? Kwa sababu kanuni ilibaki. Katika filamu ya 2014 silaha hazifui dafu, na mpango wa jeshi wa kutumia kombora la nyuklia unazidisha hatari. Mwanasayansi wa Kijapani aliyepewa jina la Serizawa anamwonesha amiri wa Kimarekani saa ya baba yake, iliyosimama saa 2:15 asubuhi, wakati bomu lilipoangukia Hiroshima. Tukio hilo la muda mfupi linauliza swali ambalo filamu nzima ya 1998 haikuliuliza. Swali lilitosha kuifunika historia iliyopotoshwa. Hili linapaswa kumtia wasiwasi yeyote anayedhani kwamba ridhaa ya watazamaji ni ushahidi wa ukweli: hadhira hugundua haraka swali linapokosekana, lakini haina namna ya kugundua kwamba aliyesababisha jambo amebadilishwa. Kwa hiyo kukatishwa tamaa ni chombo kizuri cha kupimia kitu kimoja, nacho ni kibovu kwa kupimia kingine. Watafiti wa filamu za aina hii ambao hutumia alama za wahakiki na mapato kama kipimo cha thamani wangefanya vyema kutenganisha mambo hayo mawili.

Baada ya 1998

Toho haikungoja Marekani ijisahihishe. Desemba 1999 ilitoa filamu mpya ya Godzilla, na mwaka 2004, katika Godzilla: Final Wars, ilimleta dubwana wa Emmerich kwa jina la Zilla, ikamkutanisha na Godzilla mjini Sydney, na kumwangamiza kwa sekunde chache. Kuondoa silabi ya kwanza ya jina ni uhakiki mfupi kuliko wote ulioandikwa kuhusu filamu ile.

Majibu yenye uzito yalichelewa. Shin Godzilla ya Hideaki Anno na Shinji Higuchi ilitolewa mwaka 2016, miaka mitano baada ya tetemeko, tsunami na ajali ya Fukushima. Ilifuta hata filamu ya mwaka 1954, jambo ambalo Toho haikuwahi kulifanya. Hakuna Mjapani ndani yake anayemkumbuka Godzilla. Badala yake kuna vikao, mihuri, vyumba vya mikutano vinavyohamishwa kabla uamuzi haujafikiwa, na mataifa makubwa yanayojiandaa kuipiga Tokyo kwa bomu la nyuklia. Dubwana hagandishwi kwa silaha, bali kwa dawa inayomiminwa mdomoni na malori, na mwishoni amesimama katikati ya mji, hajafa, wananchi wakitakiwa kuishi naye kama wanavyoishi na mitambo iliyoharibika. Filamu hiyo ilishinda tuzo saba za chuo cha sinema cha Japani, zikiwemo za filamu bora na uongozaji. Ni vigumu kupata kazi iliyobadili mengi kiasi hicho na kulalamikiwa kidogo kiasi hicho.

Mwaka 2023 Takashi Yamazaki alimpeleka Godzilla nyuma, katika Japani ya miaka ya kwanza baada ya vita, na kumweka mbele yake rubani aliyekwepa kufa katika kikosi cha kujitoa mhanga. Serizawa wa 1954 alipaswa kufa ili silaha yake isiishi. Rubani wa Yamazaki anapanda ndege iliyojaa milipuko akiwa tayari kufa, lakini fundi aliyeitengeneza ameweka kiti cha kurukia nje, akimtaka aishi. Swali ni lilelile la miaka 69 iliyopita, na jibu limebadilika, kwa kuwa nchi inayoliuliza nayo imebadilika. Filamu hiyo, Godzilla Minus One, inaelezwa kugharimu chini ya dola milioni 15, takribani sehemu moja ya tisa ya fedha alizopewa Emmerich. Machi 2024 ilipata tuzo ya Oscar ya mbinu bora za picha, tuzo ya ustadi uleule ambao mwaka 1998 Marekani iliamini kuwa ndio pekee uliokosekana katika filamu za Kijapani.